Roki ya progresivu ndani ya biti za hip-hop: kinachochukuliwa, kinachoachwa na kinachoharibika

Ukisoma orodha ya watunzi wa "Power", wimbo alioutoa Kanye West mwaka 2010, utakuta majina ya Waingereza watano: Robert Fripp, Michael Giles, Greg Lake, Ian McDonald na Peter Sinfield. Hao ndio King Crimson ya mwaka 1969. Wameingia kwenye orodha kwa sababu ya kipande kilichokatwa kutoka "21st Century Schizoid Man", wimbo wa zaidi ya dakika saba wenye gitaa linalokwaruza, saksafoni inayopiga mayowe, na sehemu ya katikati inayokwenda mbio huku vyombo vyote vikisimama na kuondoka kwa pamoja, tena na tena, bila mtu kuteleza.

Kati ya dakika zote hizo, "Power" ilihitaji sekunde chache: mstari ambao Lake anataja jina la wimbo kwa sauti iliyokwaruzwa makusudi, pamoja na vyombo vilivyonaswa chini yake. Ile sehemu ya mbio, ambayo ndiyo fahari ya bendi, haikuguswa. Ngoma zilitoka kwa Cold Grits, kwenye toleo lao la "It's Your Thing". Kibwagizo cha sauti nyingi kilitoka "Afromerica" ya Continent Number 6. Kwa hiyo biti inatembea kwa miguu ya funki, na King Crimson wamewekwa usoni.

Ukichunguza sampo nyingine za aina hii (sampo ni kipande kilichokatwa kwenye rekodi ya mtu mwingine) utakuta mgawanyo uleule unajirudia, na ndiyo maana ile kauli ya kwamba hip-hop na roki ya progresivu zinakutana kwa kuwa "zote ni muziki mgumu" haisaidii. Roki ya progresivu, au progu kama tutakavyoiita hapa, ni muziki wa kubadilika: kila baada ya muda mfupi kasi, kii au hesabu ya mapigo inageuka. Biti ya hip-hop inaishi kwa kurudia. Prodyuza anayeingia kwenye santuri ya progu anatafuta pale ambapo mabadiliko yamesita kwa baa mbili au nne (baa ni fungu la mapigo, kwa kawaida manne), na shida zake zote zinatokana na ukweli kwamba wenye wimbo hawakukusudia pale mtu akae.

Bronx na bendi ya Hatfield

Sherehe ya DJ Kool Herc pale 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, inayotajwa kama mwanzo wa hip-hop, ilikuwa tarehe 11 Agosti 1973. Mwaka huohuo Pink Floyd walitoa "The Dark Side of the Moon". Mambo hayo mawili yalikuwa mbalimbali kabisa, lakini masanduku ya santuri ya ma-DJ wa Bronx hayakujali nchi wala rangi ya mpigaji. Herc alitafuta sehemu ambayo waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake, kisha akairefusha kwa kutumia nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili.

Moja ya santuri zilizopendwa ilikuwa "First Base" ya Babe Ruth, bendi ya progu kutoka Hatfield, Uingereza, iliyotolewa na Harvest, lebo ileile ya Pink Floyd. Wimbo wake "The Mexican" una besi inayosukuma, ngoma zilizo wazi, na katikati yake kuna muziki wa Ennio Morricone wa filamu ya makauboi. Kwa vijana waliocheza breki ulikuwa wimbo wa kuingilia uwanjani. Mwaka 1984 Jellybean aliurudia kwa ajili ya kumbi za dansi, akamwita mwimbaji wa awali, Jenny Haan, aje auimbe upya.

"Planet Rock" ya Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, ya mwaka 1982, imebeba "The Mexican" hiyohiyo pamoja na "Trans-Europe Express" na "Numbers" za Kraftwerk. Kraftwerk walitoka kwenye kizazi cha Wajerumani waliokuwa wakijaribu roki isiyofuata Marekani, kizazi kimoja na bendi ya Can. Watu wengi hudhani "Planet Rock" ni sampo. Sivyo: sauti za Kraftwerk zilipigwa upya kwenye kinanda na John Robie, na mapigo yakapangwa kwenye mashine ya ngoma ya Roland TR-808. Tofauti hiyo ni kubwa kisheria, tutairudia.

(Wa Zanzibar atauliza kuhusu Queen, bendi ya Freddie Mercury. Grandmaster Flash aliwatumia kwenye "The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel" mwaka 1981, lakini alichukua "Another One Bites the Dust", wimbo wa besi tupu wenye asili ya disko. Zile kazi za Queen zilizokaribia progu, za mwanzo wa miaka ya 1970, hakuzigusa. Mzaliwa wa Mji Mkongwe yumo kwenye historia ya hip-hop, ila aliingilia mlango wa dansi.)

Progu nayo ikasampo

Upande wa pili wa habari hii hausemwi sana. Trevor Horn aliimba na Yes kwenye albamu ya "Drama" mwaka 1980. Miaka miwili baadaye alikuwa prodyuza wa "Buffalo Gals" ya Malcolm McLaren na World's Famous Supreme Team, wimbo uliowaonyesha vijana wengi wa Uingereza skrachi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1983 akarudi kwa Yes, safari hii nyuma ya mitambo, na kutengeneza "Owner of a Lonely Heart". Ndani ya wimbo huo kuna mlipuko wa ngoma na tarumbeta uliokatwa kutoka "Kool Is Back" ya Funk, Inc. Yes, bendi iliyojulikana kwa nyimbo za kujaza upande mzima wa santuri, ikafika namba moja Marekani ikiwa imebeba sampo ya funki, wakati marapa wengi bado walikuwa wakipigiwa na bendi ya studio.

Kuna zaidi. Mapigo ya Alan White, mpiga ngoma wa Yes, yaliyorekodiwa kipindi hicho na kuachwa, yaliingizwa kwenye sampla ya Fairlight (sampla ni mashine ya kunasa sauti na kuzipiga upya) na timu ya Horn, yakazaa "Beat Box" ya Art of Noise. Wimbo huo ukapendwa na wachezaji wa breki. Mapigo ya mpiga ngoma wa progu yaliyotupwa na bendi yake yakaishia kwenye sakafu ya hip-hop.

Na progu ilikuwa na sampla kabla neno hilo halijazoeleka. Mellotron, kinanda kilichoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1963, hakina sauti yake. Toleo la M400 la mwaka 1970 lina vitufe 35, na chini ya kila kitufe kuna kipande cha utepe chenye sauti halisi ya violini, filimbi au kwaya. Ukibonyeza, utepe unaburutwa kwenye kisomeo. Baada ya takriban sekunde 8 unaisha, sauti inakatika, nawe ukiachia springi inaurudisha mwanzo. Mpigaji wa Mellotron alilazimika kupanga vidole vyake kulingana na sekunde hizo nane. Miaka kumi na saba baadaye prodyuza wa New York aliye na sampla ya E-mu SP-1200 alikuwa na sekunde 10 tu za kumbukumbu kwa mashine nzima, na sampo moja haikuruhusiwa kuzidi sekunde 2.5. Ubanifu ulikuwa uleule.

Hesabu ya sekunde 2.5 inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo iliyotengeneza sauti ya hip-hop ya miaka ile. Baa moja ya mapigo manne kwenye kasi ya 90, yaani mapigo 90 kwa dakika, ni sekunde 2.67. Haiingii. Dawa ilikuwa kuicheza santuri ya mzunguko wa 33 kwenye 45, kuirekodi ikiwa na mbio, kisha kuishusha ndani ya mashine. Uwiano wa 45 kwa 33⅓ ni 1.35, hivyo sekunde 2.67 zinakuwa 1.98 na zinaingia vizuri. Pichi inapanda nusutoni 5 na kidogo, nawe unaishusha kiasi hichohicho. Unapoishusha, mashine ya biti 12 (hizi ni biti za kompyuta, si za muziki) inaacha chembechembe za kukwaruza juu ya sauti. Kwenye ngoma chembe hizo ni tamu. Kwenye Mellotron au filimbi zinasikika kama upele, na hiyo ni sababu mojawapo ya sampo nyingi za progu kuja baadaye, zilipopatikana mashine zenye kumbukumbu kubwa zaidi.

Kwa nini santuri za progu

Sababu ya kwanza ni bei. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 progu ilikuwa imepitwa na wakati, ikilala kwenye maboksi ya santuri za bei poa. Sababu ya pili ni kwamba James Brown na wenzake walikuwa wamekwisha kukatwa na kila mtu. Ya tatu ni mahakama: mwaka 1991 rapa Biz Markie alishindwa kesi kwa kutumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na kuanzia hapo lebo zikaanza kudai kila sampo iwe na kibali. Wachimbaji wakasogea kwenye santuri zisizojulikana, za nchi za mbali.

DJ Shadow ndiye mfano ulio wazi zaidi. "Endtroducing....." ya mwaka 1996 ilijengwa kwa sampla ya Akai MPC60 na rundo la santuri. Ndani ya "Midnight in a Perfect World" kuna Pekka Pohjola, mpiga besi wa progu wa Finland, kutoka albamu yake ya mwaka 1974. Kwenye "Changeling" wamo Tangerine Dream wa Ujerumani. Alichochukua kwa Pohjola ni kipande kilichotulia, chenye nafasi kati ya noti. Prodyuza Madlib alifanya vivyo hivyo kwenye "Madvillainy" ya mwaka 2004: "Strange Ways" imesimama juu ya "Funny Ways" ya Gentle Giant, na "Meat Grinder" ina kipande cha Mothers of Invention ya Frank Zappa. Sehemu ya biti za albamu hiyo aliziunda akiwa hotelini Brazil, na sampla ndogo ya Boss SP-303 na mashine ya santuri ya kubeba mkononi. Gentle Giant walirudi tena mwaka 2023, Travis Scott alipofungua "Hyaena" kwa sauti zao kutoka "Proclamation" ya mwaka 1974.

Gentle Giant inastahili sentensi ya ziada. Hata ndani ya progu walionekana wamezidi: sauti zinazokimbizana, hesabu zinazogeuka kila mstari. Mtu angetegemea wawe wa mwisho kusampowa. Lakini walikuwa na tabia ya kuanza na chombo kimoja au sauti moja, halafu kuongeza vingine polepole, na sekunde hizo za mwanzo ziko wazi kabisa. Mchimbaji mwenye uzoefu hasikilizi wimbo wa progu kutoka mwanzo hadi mwisho. Anasikiliza sekunde 30 za kwanza, anaruka hadi pale sauti inaposhuka ghafla katikati, kisha sekunde za kuishia.

Can wako tofauti. Mpiga ngoma wao, Jaki Liebezeit, alitoka kwenye jazi huria, akaamua kupiga mzunguko mmoja kwa muda mrefu, na "Halleluhwah" ya mwaka 1971 inakaa kwenye mdundo mmoja kwa zaidi ya dakika 18. Mpiga besi wao, Holger Czukay, alikuwa akirekodi mazoezi marefu kisha akikata utepe na kuunganisha vipande vilivyofaa. Hiyo ni kazi ya prodyuza wa hip-hop, ila kwa wembe. Kanye West alipochukua "Sing Swan Song" kwa ajili ya "Drunk and Hot Girls" mwaka 2007, aliuacha mwendo wake wa tatu-tatu badala ya kuulazimisha uwe nne. Wengi waliona wimbo unayumba. Msikilizaji wa pwani aliyekua na chakacha hashtushwi na 6/8, na ni ajabu kwamba marapa wetu hawajaitumia zaidi.

Saba haiingii kwenye nne

Sasa tuingie jikoni. Umepata kipande cha progu chenye mapigo 7 ya robo-nusu, yaani 7/8, na ngoma zako ni 4/4. Una njia nne, na kila moja ina namna yake ya kuharibika.

Njia ya kwanza ni kuacha lupu, yaani kipande kinachojirudia, izunguke yenyewe juu ya ngoma. Saba na nane zinakutana kwenye 56, maana yake lupu inajirudia mara 8 ndani ya baa 7 za ngoma zako. Itaanza pamoja na ngoma kwenye baa ya 1, ya 8 na ya 15. Kwenye vesi ya baa 16 mambo yanaenda vizuri, kichwa kinatikisika, hadi kiitikio kinapoingia baa ya 17: hapo lupu iko hatua mbili mbele na kila mtu atasikia kama biti imekwama. Ikate mwishoni mwa baa ya 16 na uianze upya kwenye kiitikio. Kama kipande ni cha 5/4, hesabu ni 20: vinakutana kila baada ya baa 5.

Njia ya pili ni kuongeza hatua inayokosekana. Kwenye kasi ya 120, 7/8 moja ni sekunde 1.75 nawe unataka 2.00. Robo sekunde hiyo usiiache kimya. Santuri ina mvumo wa chumba, na mvumo ukikatika ghafla sikio linatambua hata kama halijui limetambua nini. Rudia hatua ya mwisho, au tafuta mahali pengine kwenye wimbo ambapo noti hiyohiyo inafifia, ukate mkia wake na kuuweka pale kwa kupishanisha milisekunde 10 hadi 20. Piga kiki, ile ngoma nzito ya chini, juu ya maungio. Kiki inaficha mengi.

Njia ya tatu ni kukata: chukua mapigo manne ya mwanzo, tupa yaliyobaki. Ni rahisi, na ndiyo inayoua kipande mara nyingi, kwa sababu mtunzi wa progu huweka jibu la melodi kwenye yale mapigo ya mwisho. Unabaki na swali linaloulizwa daima. Wakati mwingine hilo ndilo unalolitaka. Kabla ya kukata, angalia kama bendi yenyewe haijakurahisishia. "Money" ya Pink Floyd ina mashairi kwenye 7/4, lakini gitaa linapoanza kutamba wimbo unahamia 4/4. Progu ina mahali pengi namna hiyo, hasa kwenye solo, kwa kuwa mpiga solo naye anahitaji ardhi tulivu.

Njia ya nne, kuivuta saba iwe nane kwa programu, tunaitaja ili kuikataza. Kila pigo linaachana na gridi, ngoma zilizomo ndani ya sampo zinaogelea, na hakuna rapa atakayejua achane kwenye pigo lipi. Ukitaka sauti bila mdundo, kwa mfano kodi moja ya Mellotron, hapo vuta utakavyo.

Kasi inayoteleza na pichi inayodanganya

Bendi nyingi za miaka ya 1970 zilirekodi bila mlio wa kuhesabia mapigo. Pima baa nne za mpito wa progu utaona kitu kama hiki: sekunde 2.40, 2.36, 2.34, 2.30. Wapigaji wanakaza mwendo kwa sababu sehemu kali inakuja. Ukiweka programu kwenye kasi ya 100 kwa kufuata baa ya kwanza, lupu yako itaisha milisekunde 200 mapema, karibu theluthi ya pigo zima. Kosa la kawaida ni kuvuta lupu yote kwa asilimia mbili ili mwisho ufike. Sasa mwanzo umechelewa na katikati hakuna kinachokaa. Kata kila baa kwenye kichwa chake, au kila pigo kama sehemu ina noti nyingi. Ndani ya FL Studio, ambayo maprodyuza wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanayo tayari, Slicex inafanya kazi hii: vipande vinatandazwa kwenye vitufe, unavipiga wewe mwenyewe kwa mkono. Alama inazozipendekeza yenyewe usiziamini kwenye progu. Inasaka mipigo yenye nguvu, na matoazi yaliyojaa humo huichanganya. Sogeza alama kwa jicho na sikio.

Pichi na kasi ni jambo ambalo prodyuza anayeanza hulipata kwa bahati mbaya, halafu huilaumu besi ya 808. Ukiishusha sampo kwa njia ya zamani, yaani kasi na pichi pamoja, usichague kasi kwanza. Chagua pichi. Sampo ya kasi 100 ukiishusha nusutoni moja inakuwa 94.39, mbili 89.09, tatu 84.09, tano 74.92. Ukiing'ang'ania 90 kwa sababu ni namba nzuri, sampo inashuka nusutoni 1.82, na 808 yako iliyo kwenye kii kamili itakuwa imepishana nayo kwa senti 18 (nusutoni moja ni senti 100). Senti 18 hazisikiki kama kosa la wazi, zinasikika kama uchovu. Besi haina nguvu na hujui kwa nini. Weka programu kwenye 89.09 au sogeza 808 kwa senti hizo. Na kabla ya yote pima sampo yenyewe: tepu za zamani hazikukaa kwenye 440 Hz, kipimo cha kawaida cha kulingania vyombo, sikuzote, na Mellotron ina tabia sugu ya kupinda pichi.

Besi ya sampo ndiyo adui anayefuata. Kwa funki unaweka chujio kwenye 150 Hz, besi inapungua, 808 inapata nafasi. Kwa progu mbinu hiyo mara nyingi haitoshi. Chris Squire wa Yes alipiga Rickenbacker kwa sauti kali yenye makali ya juu, na besi ya namna hiyo inaishi hadi eneo la sauti ya mtu. Ukichuja chini, unabaki na mkwaruzo wake unaoendelea kupiga noti ambazo 808 yako haipigi. Afadhali kuiacha iwe melodi na kuiruhusu 808 ipige pale tu besi inapopumua, au kutafuta sehemu ambayo mpiga besi kanyamaza.

Siku hizi kuna programu za kutenganisha vyombo, kama Spleeter iliyotolewa na Deezer mwaka 2019, na Demucs. Zinasaidia, ila zimefunzwa kutenga sauti za watu, ngoma, besi na vinginevyo, na progu huzichezea. Kwaya ya Mellotron huweza kupelekwa kwenye fungu la waimbaji, na kwa kweli programu haijakosea: kwenye utepe ule ni watu wanaimba. Matoazi nayo hutoka yakiwa na mlio wa maji. Kama rekodi ni ya stirio ya zamani, jaribu kwanza njia ya bure: fungua upande wa kushoto peke yake, kisha wa kulia. Mainjinia wa enzi hizo walipenda kuweka chombo kizima upande mmoja, na unaweza kupata kinanda safi bila kutenganisha chochote.

Rapa ndani ya roki

Muziki ulipojaribu kupita upande wa pili, yaani bendi ya progu kurap au rapa kutunga progu, matokeo yamekuwa ya kuchagua. Rush waliweka vesi ya kurap kwenye "Roll the Bones" mwaka 1991, sauti ya Geddy Lee ikiwa imebadilishwa kwa mashine. Kwa maoni yetu haikai, na kosa haliko kwenye mashairi: silabi zimepangwa juu ya pigo kama mtu anayehesabu, wakati kuchana kunategemea kuchelewa na kuwahi pigo. Lil Yachty, kwenye "Let's Start Here" ya mwaka 2023, alifanya la busara zaidi. Aliacha kabisa kuchana kwa sehemu kubwa, akaita wapigaji, akaanza albamu kwa wimbo wa karibu dakika saba wenye kivuli cha Pink Floyd. Ni albamu nzuri ya roki. Kuiita makutano ya hip-hop na progu ni kutia chumvi.

Kibali

Sampo moja ina haki mbili: ya rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida iko kwa lebo, na ya utunzi, iliyo kwa watunzi na wachapishaji wao. Kwa progu upande wa utunzi huwa na watu wengi, kwa kuwa bendi nzima ilijiandikisha. Ndiyo maana ya yale majina matano ya mwanzo. Na kibali kikishapatikana ugomvi unaweza kuendelea. Mwaka 2022 kampuni inayosimamia rekodi za King Crimson iliishtaki Universal jijini London kuhusu namna malipo ya "Power" yanavyokokotolewa kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni. Wakapatana mwaka 2024.

Ufupi wa kipande hauokoi mtu. Moses Pelham, prodyuza wa Ujerumani, alichukua sekunde 2 za "Metall auf Metall" ya Kraftwerk kutengeneza "Nur mir" ya rapa Sabrina Setlur mwaka 1997. Kesi ilipanda na kushuka kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Ulaya, ambayo tarehe 29 Julai 2019 ilisema kwamba hata kipande kifupi kinahitaji ruhusa, isipokuwa kimebadilishwa kiasi kwamba sikio haliwezi kukitambua.

Kwa msanii wa Tanzania au Kenya, kusajili wimbo kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA au KECOBO, hakuhalalishi sampo iliyomo. Mfumo wa utambuzi wa YouTube ukiitambua rekodi, mapato yanaweza kwenda kwa mwenye rekodi siku hiyohiyo, hata kama una wasikilizaji mia mbili. Njia nyepesi zaidi ni ile ya "Planet Rock": piga upya. Ukiita mpiga kinanda akarudia melodi, haki ya rekodi haikuhusu tena, unabaki na ya utunzi peke yake. Gym Class Heroes walifanya hivyo kwenye "Cupid's Chokehold", ambapo kiitikio cha "Breakfast in America" ya Supertramp kimeimbwa upya na Patrick Stump. Ukipiga upya, mwambie mpigaji asicheze kwa usafi. Rekodi kupitia spika ya gitaa iliyowekwa chumbani, maikrofoni ikiwa mita mbili au tatu nyuma, kisha ikate kama ungeikata santuri.